Kutua Mzigo wa Mwendo: Utangulizi wa Elimu ya Kushuka Mirihi

Ikiwa hujawahi kusoma hata ukurasa mmoja kuhusu vyombo vinavyosafiri kwenda sayari nyingine, basi wewe ndiye niliyekuwa nikikufikiria nilipoandika makala haya. Huhitaji hesabu nyingi. Inatosha uwe umewahi kushika breki ya baiskeli kwenye mteremko, uwe umewahi kumwona mtu akitua mzigo kutoka kichwani, na uwe na subira ya kuuliza "kwa nini" mara mbili tatu kuhusu jambo lilelile.

Tuanze na neno lenyewe. Kwa Kiswahili, chombo hutua. Ndege naye hutua tawini, jua hutua magharibi, na mchukuzi hutua mzigo wake. Maana hii ya mwisho ndiyo itakayotuongoza. Tunaposikia watu wakisema "kumtua mama ndoo kichwani", tunaelewa mara moja kwamba kutua si kufika tu. Ni kuweka chini kitu kizito ulichokuwa umekibeba, kisivunjike, nawe usiumie. Chombo kinachofika Mirihi, sayari ambayo wengi huiita pia Mars, kimebeba mzigo usioonekana kwa macho, nao ni mwendo wake. Elimu ninayotaka kukufungulia mlango ni elimu ya kuutua mzigo huo. Ukilishika hilo umeshika shina, na yanayofuata yote ni matawi.

Nitatumia mfano mmoja mkuu, ili usipotee. Perseverance ni gari la utafiti lisilo na dereva, lenye magurudumu 6 na uzito wa kilo 1,025, karibu sawa na gari dogo la abiria. NASA, shirika la anga la Marekani, ililirusha kutoka Florida tarehe 30 Julai 2020. Likasafiri kilomita zaidi ya milioni 470 kwa siku 203, na tarehe 18 Februari 2021 likatua. Kushuka kwenyewe, tangu kugusa hewa ya juu hadi kugusa udongo, kulichukua kama dakika 7. Tutakaa ndani ya dakika hizo.

Mzigo wenyewe

Perseverance ilifika juu ya Mirihi ikiwa na kasi ya takriban kilomita 19,500 kwa saa, yaani zaidi ya kilomita 5 kwa kila sekunde. Kwa kasi hiyo, kutoka Mombasa hadi Nairobi ni chini ya dakika moja na nusu.

Hapa mwanafunzi makini huuliza: kwa nini chombo kisiende polepole tangu mwanzo? Swali ni zuri, na jibu lake limo ndani ya sayari yenyewe. Mirihi huvuta vitu kama Dunia inavyovivuta. Embe linalodondoka kutoka tawi la juu hupiga chini kwa kishindo kikubwa kuliko la tawi la chini, kwa sababu limevutwa kwa muda mrefu zaidi. Sasa fikiria embe linaloanguka kuelekea Mirihi kutoka umbali wa mamilioni ya kilomita. Hata kama lilikuwa karibu limesimama kimya kule mbali, litafika likiwa na kasi ya takriban kilomita 5 kwa sekunde. Mvutano wa Mirihi ni kama asilimia 38 tu ya ule wa Dunia, lakini safari ya kuanguka ni ndefu mno. Kwa hiyo kasi hiyo si uzembe wa wasafirishaji. Ni ushuru ambao sayari humtoza kila mgeni atokaye mbali.

Wanafizikia hupima mzigo huu kwa kipimo kiitwacho nishati ya mwendo. Nishati ni uwezo wa kufanya kazi, na nishati ya mwendo ni ule uwezo ambao kitu kinao kwa sababu tu kinakwenda. Kanuni moja itatutosha: kasi ikiongezeka mara mbili, nishati ya mwendo huongezeka mara nne; kasi ikiongezeka mara tatu, nishati huongezeka mara tisa. Ndiyo maana pikipiki inayokwenda kilomita 80 kwa saa huhitaji umbali wa breki wa kama mara nne kuliko ile inayokwenda 40. Kwa kasi ya Perseverance, kila kilo moja ya chombo ilibeba nishati ya kutosha kuchemsha lita 5 za maji mpaka zote ziishe kwa mvuke. Na chombo kizima, pamoja na ngao na mafuta yake, kilikuwa na zaidi ya tani 3. Fikiria matangi 3 ya maji ya lita 5,000 kila moja, yakaushwe kwa moto hadi tone la mwisho, na kazi hiyo ifanyike ndani ya dakika chache. Huo ndio mzigo.

Lipo jambo moja la msingi ambalo nakuomba ulikumbuke hata ukisahau tarakimu zote: nishati haitoweki. Huhamishwa tu. Breki za baiskeli huitoa kwenye mwendo na kuigeuza joto. Ndiyo sababu vipande vya breki huwa moto baada ya mteremko mrefu. Kwa hiyo swali la kwanza la mhandisi wa kutua ni hili: nishati yote hii nitaipeleka wapi?

Hewa haba na msaada ulio mbali

Jibu linalowajia wengi ni roketi. Igeuze, iwashe kuelekea mbele, mwendo uishe. Jambo hilo linawezekana, na kwenye Mwezi ndiyo njia pekee, maana hakuna hewa. Lakini mafuta yana uzito. Mafuta ya kusimamishia lazima yabebwe tangu Duniani, na yakifika Mirihi nayo yana mwendo wake unaotaka kusimamishwa. Kwa mafuta ya aina iliyotumiwa na Perseverance, kuondoa kasi yote kwa roketi peke yake kungehitaji mafuta yenye uzito wa mara kadhaa kuliko kila kitu kingine kilichobebwa. Hakuna bajeti inayostahimili hilo.

Jibu la pili tunalikuta hukohuko tunakokwenda: hewa. Mirihi ina angahewa, yaani tabaka la gesi linaloizunguka sayari, na sehemu kubwa ya gesi hiyo ni kaboni dayoksaidi. Kitu kinachopita ndani ya gesi huisukuma, nayo humsukuma mpita njia. Tatizo ni uchache wake. Ukipanda Kilimanjaro hadi kilele cha Uhuru, mita 5,895, utahema kwa sababu hewa imebaki kama nusu ya ile ya pwani. Ili uikute hewa nyembamba kama ya Mirihi ungelazimika kupanda zaidi ya kilomita 30, juu sana kuliko njia za ndege za abiria. Kwa hiyo Mirihi humpa mhandisi hewa ya kutosha kuunguza chombo, lakini isiyotosha kukisimamisha. Ingekuwa haipo kabisa, tungepanga roketi tu. Ingekuwa nzito kama yetu, parachuti lingekaribia kuimaliza kazi. Kwa kuwa iko katikati, hakuna chombo kimoja cha kazi kinachoweza kuubeba mzigo tangu juu hadi chini. Lazima wawepo wapokeaji kadhaa, kila mmoja apokee pale mwenzake anaposhindwa.

Kuna ugumu mwingine, nao ni umbali. Mawasiliano na chombo hupita kwa mawimbi ya redio, yanayokwenda kwa kasi ya mwanga. Hakuna kinachoyapita. Hata hivyo, siku ile mawimbi hayo yalihitaji dakika 11 na sekunde 22 kutoka Mirihi hadi Duniani. Linganisha na zile dakika 7 za kushuka. Habari ya kwamba chombo kimeanza kuingia kwenye hewa ilipowafikia wahandisi, gari lilikuwa limeshakaa chini kwa zaidi ya dakika 4, likiwa zima au likiwa vipande. Hakuna mtu angeweza kulisaidia. Kila uamuzi ulikuwa umeandikwa mapema katika programu ya kompyuta iliyobebwa na chombo, na kompyuta hiyo ndiyo iliyokuwa rubani.

Mpokeaji wa kwanza: ngao ya joto

Sasa tushuke. Dakika 10 hivi kabla ya kugusa hewa, chombo huachana na sehemu ya safari, yaani ile yenye paneli za jua na matangi yaliyokihudumia njiani. Kinachobaki ni kapsuli, ganda la kinga lenye upana wa mita 4.5. Umbo lake utalielewa ukifikiria kawa mbili zilizofunikana mdomo kwa mdomo: ya chini ni bapa, ya juu imechongoka zaidi, na gari limekunjwa katikati kama chakula kilichohifadhiwa. Kawa ya chini, inayotangulia kuingia kwenye hewa, ndiyo ngao ya joto.

Mtu angedhani chombo chenye kasi namna hii kinafaa kuwa na ncha kali kama mkuki. Ukweli ni kinyume chake, na uligunduliwa mwanzoni mwa miaka ya 1950 na mhandisi Mmarekani H. Julian Allen na wenzake. Ili uone sababu, shika pampu ya baiskeli, uzibe tundu lake kwa kidole na usukume mara kadhaa. Utahisi mwisho wa pampu ukipata moto. Hewa iliyogandamizwa ghafla hupata joto. Chombo kinachoingia kwenye angahewa hufanya vivyo hivyo: hewa iliyo mbele haipati muda wa kukipisha, ikagandamizwa na kuwa ukuta wa gesi yenye moto mkali, uitwao wimbi la mshtuko. Wengi hudhani joto hilo hutokana na msuguano, kama mtu anayesugua viganja. Msuguano upo, lakini sehemu kubwa ni mgandamizo. Ncha kali hulikaribisha wimbi la mshtuko lishikamane na chombo. Uso butu hulisukuma mbele, na joto jingi likabaki ndani ya hewa na kupita pembeni. Wazo hili rahisi ndilo linaloruhusu chombo chochote kuingia salama. Umbo la ngao lililotumiwa na Viking 1, chombo cha kwanza cha Marekani kutua Mirihi tarehe 20 Julai 1976, ndilo lililotumiwa na Perseverance miaka 44 baadaye.

Hata hivyo, joto fulani huifikia ngao. Uso wake hupanda hadi kama nyuzi 1,300 za Selsiasi. Basi ngao hukubali kuungua. Imeundwa kwa vigae vya nyuzi za kaboni zilizoshibishwa utomvu maalumu. Tabaka la nje hugeuka mkaa na gesi, na gesi hiyo huondoka na joto. Bandu bandu huisha gogo, lakini gogo hili limepimwa unene wake ili kazi iishe kabla lenyewe halijaisha. Katika dakika hizi chombo ni kimondo kilichotengenezwa kwa mikono. Vimondo unavyoviona usiku vikichora mstari wa mwanga na kuzimika havina ngao. Vingi huteketea vyote, na ni vikubwa tu, kama kile kilichopo Mbozi mkoani Songwe, vinavyofika ardhini.

Wakati ngao inaungua, kapsuli haianguki kama jiwe. Inaongozwa. Kabla ya kuingia hudondosha vizito vya metali vilivyokuwa upande mmoja, ili isiwe sawia. Kutokuwa sawia huifanya iiname kidogo, na kitu bapa kilichoinama hewani husukumwa juu, kama kiganja kinachotolewa nje ya dirisha la basi linalokwenda kasi. Kwa kujizungusha kwa vijiroketi vidogo, kapsuli huuelekeza msukumo huo kushoto au kulia, ikapinda mara huku mara kule na kusahihisha njia yake kuelekea shabaha.

Baada ya kama dakika 4, kasi imeshuka kutoka kilomita 19,500 kwa saa hadi karibu 1,500. Sasa itumie ile kanuni niliyokupa. Kasi imepungua karibu mara 13, kwa hiyo nishati ya mwendo imepungua zaidi ya mara 160. Zaidi ya asilimia 99 ya mzigo imeshatuliwa, ikaachwa katika hewa ya Mirihi kwa sura ya joto, bila kutumia injini za kutulia hata kidogo. Nakusihi usome aya hii mara ya pili. Watu wengi husisimkia roketi za mwishoni, lakini kazi kubwa hufanywa na kipande cha mkaa kinachokubali kuungua.

Mpokeaji wa pili: parachuti

Asilimia iliyobaki ni ndogo, lakini bado inaua. Kwenye urefu wa takriban kilomita 11, parachuti lenye kipenyo cha mita 21.5 hurushwa kwa nyuma. Wakati huo chombo bado kinakwenda kasi kuliko sauti, na kitambaa hicho lazima kifunguke chote ndani ya muda usiofika sekunde moja bila kupasuka. Perseverance ilikuwa ya kwanza kuchagua wakati wa kufungua parachuti kwa kupima umbali uliobaki kufikia shabaha. Watangulizi wake walifungua mara tu kasi iliposhuka kiasi kilichopangwa. Ikiwa chombo kimepitiliza kidogo, kinafungua mapema. Ikiwa kiko nyuma, kinasubiri. Badiliko hilo dogo la programu lilipunguza sana ukubwa wa eneo ambalo chombo kingeweza kuangukia.

Sekunde 20 baadaye ngao ya joto huachiwa idondoke. Unaweza kushangaa kwa nini kuitupa ngao iliyookoa kila kitu. Sababu ni kwamba ilikuwa imeziba macho. Nyuma yake kuna rada, kifaa kinachotuma mawimbi ya redio ardhini na kupima yanavyorudi ili kujua urefu na kasi. Kuna pia kamera. Kompyuta hupiga picha za ardhi inayokaribia na kuzilinganisha na ramani iliyohifadhiwa kabla ya safari, iliyochorwa kwa picha za chombo kinachoizunguka Mirihi. Ni kama msafiri aliyeletwa amefungwa kitambaa machoni, kikaondolewa, akaitambua milima na kusema: niko hapa. Njia hii ilibuniwa iweze kukitambua kilipo chombo kwa usahihi wa kama mita 40.

Usahihi huo ulikuwa wa lazima kwa sababu ya mahali palipochaguliwa. Jezero ni kasoko, yaani bonde la duara, nalo lilichimbwa na kimondo kikubwa. Upana wake ni kilomita 45, zaidi ya mara mbili ya kasoko ya Ngorongoro. Zamani za kale liliwahi kuwa ziwa, na mto ulioingia humo uliacha matope yake, mahali pazuri pa kutafuta dalili za uhai wa kale. Lakini pana majabali, vilima vya mchanga na ukuta mrefu wa mwamba. Mahali penye maana kwa mwanajiolojia mara nyingi ndipo penye hatari kwa mtuaji. Kutua kwa usahihi zaidi ndiko kulikomfungulia mwanajiolojia mlango wa Jezero.

Parachuti nalo lina kikomo. Linapokwenda polepole, hewa hulizuia kwa nguvu ndogo zaidi, hadi kizuizi cha hewa kinalingana na mvutano wa sayari na kasi haipungui tena. Duniani kikomo hicho ni cha kasi ndogo. Katika hewa haba ya Mirihi, chombo hiki kilikuwa bado na kama kilomita 320 kwa saa.

Mpokeaji wa tatu: roketi na kamba

Kwenye urefu wa kama kilomita 2, gari na fremu ya roketi iliyo mgongoni mwake huachana na parachuti na kuanguka huru kwa kitambo kifupi. Kisha injini 8 huwaka. Kwanza hukwepa pembeni, ili parachuti lisije likazifunika, halafu huendelea kupunguza kasi huku zikielekea mahali ambapo kompyuta imepaona pako salama. Sasa mafuta yanatosha, kwa sababu kazi iliyobaki ni ndogo. Kasi hushuka hadi kilomita 2.7 kwa saa, polepole kuliko mtu anayetembea.

Mita 20 hivi juu ya ardhi hutokea jambo ambalo wengi huliona la ajabu. Fremu ya roketi hulishusha gari kwa kamba za nailoni, hadi mita 6.4 chini yake, kama winchi iliyoning'inia angani. Kwa nini taabu yote hiyo? Fikiria njia nyingine. Chombo chenye miguu na injini chini yake kingechimbua mashimo na kutimua mawe na vumbi kwenye vifaa, kisha gari zito lingelazimika kuteremka kutoka juu yake. Njia ya mifuko ya hewa, iliyotumiwa na Mars Pathfinder tarehe 4 Julai 1997, ilifana: chombo kilidunda angalau mara 15 kama mpira kabla ya kutulia. Lakini mifuko ya kustahimili kishindo cha gari la tani moja ingekuwa mizito kupita kiasi. Kwa kamba, roketi hubaki juu, mbali na vumbi, na gari hukanyaga udongo kwa magurudumu yake yenyewe, tayari kwa safari.

Na kompyuta hujuaje kwamba magurudumu yamegusa? Fremu huendelea kushuka taratibu, na ghafla injini hazihitaji tena kusukuma kwa nguvu ileile, kwa sababu uzito wa gari umepokewa na ardhi. Kupungua huko kukidumu kidogo, kompyuta huridhika kwamba mzigo umefika. Mchukuzi anayetua gunia hajui limefika chini kwa kulitazama. Anajua kwa wepesi anaousikia shingoni. Baada ya hapo visu hukata kamba, na fremu huruka kwenda kuanguka mbali, ili isije ikaliangukia gari.

Hatari ya kupokezana

Sasa umeiona safu nzima, naomba nikuonyeshe jambo linalotofautisha anayeijua orodha na anayeielewa elimu hii. Kila mpokeaji hujaribiwa Duniani peke yake kwa ukali. Lakini mzigo huweza kuanguka wakati wa kupokezana, pale mmoja anapoachia na mwingine hajashika.

Tarehe 3 Desemba 1999 chombo cha Mars Polar Lander kilinyamaza wakati wa kutua. Uchunguzi ulitaja sababu yenye uwezekano mkubwa zaidi. Miguu ilipokunjuliwa kikiwa bado angani, mtikisiko wake ulitafsiriwa na vihisio kuwa ni kugusa ardhi. Programu iliikumbuka ishara hiyo ya uongo, na kwenye urefu wa kama mita 40 ikazima injini. Injini zilikuwa sawa na miguu ilikuwa sawa. Kosa lilikuwa katika ishara ya kukabidhiana.

Mfano wa pili umegusa pwani yetu. Tarehe 14 Machi 2016 Ulaya na Urusi zilirusha msafara wa ExoMars, na ishara iliyothibitisha kwamba chombo kimetengana salama na roketi yake ilipokewa na kituo cha Malindi, Kenya. Ndani ya msafara huo kulikuwa na Schiaparelli, chombo kidogo cha kujaribu kutua. Tarehe 19 Oktoba kiliingia vizuri, ngao ikafanya kazi, parachuti likafunguka. Lakini kipimio cha mzunguko kilizidiwa na mtikiso kwa kama sekunde moja, muda mrefu kuliko ilivyotarajiwa, na kompyuta ikahesabu kwamba chombo kiko chini ya uso wa ardhi. Ikaachia parachuti, ikawasha injini kwa sekunde chache, ikazizima, na kuanza kazi za chombo kilichokwisha kutua. Kwa kweli kilikuwa bado kilomita 3.7 juu. Somo lake ni la thamani: rubani wa kompyuta anapaswa kufundishwa kushuku jibu lisilowezekana. Waliochunguza walilitangaza kosa wazi, na maarifa hayo sasa ni urithi wa kila anayejenga chombo cha kutua.

Ukitaka kuendelea

Ukishaielewa Mirihi, sayari nyingine zitakusomesha zenyewe kwa swali lilelile: hewa ikoje? Kwenye Zuhura hewa ni nzito mno, hata baadhi ya vyombo vya Kisovieti vya Venera viliachia parachuti kilomita nyingi juu na kumalizia kuanguka kwa kuzuiwa na sahani ngumu tu. Kwenye Titan, mwezi wa Zohali, chombo cha Huygens tarehe 14 Januari 2005 kilining'inia kwenye parachuti kwa takriban saa mbili na nusu. Kwenye Mwezi wetu, ambako hakuna hewa, Chandrayaan-3 ya India ilishuka kwa injini pekee tarehe 23 Agosti 2023. Wapokeaji wamebadilika, ila mzigo ni uleule.

Kwa hiyo, siku utakapotazama chombo kikitua, chukua karatasi na uchore safu nne. Katika ya kwanza andika kasi mwanzoni mwa kila hatua; katika ya pili, kasi mwishoni; katika ya tatu, nishati imekwenda wapi; na katika ya nne, ni ishara gani iliyomwambia mpokeaji anayefuata kwamba zamu yake imefika. Safu ya nne itakuwa ngumu kujaza, na mara nyingi utaiacha tupu mpaka usome zaidi. Usivunjike moyo. Wahandisi wenyewe hutumia miaka mingi katika safu hiyo, na ukianza kuijaza, hata kwa mstari mmoja, utakuwa umeketi nao meza moja.